Lenzi za sinema za bei nafuu, nilivyozitumia mimi na wenzangu

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kushuti hapa Dar ni hili, "kaka, ninunue lenzi gani ya sinema ya bei nafuu ili picha yangu ifanane na filamu za mbele?" Na jibu langu halijabadilika, kama unachotafuta ni muonekano peke yake basi hela yako peleka kwenye taa, au mlipe mtu mzuri wa mekapu, au tafuta nyumba yenye kuta za rangi nzuri, kwasababu glasi iliyomo ndani ya hizi lenzi za sinema za bei ya chini mara nyingi ni ileile ya lenzi za kawaida za picha za mnato. Chukua Samyang wa Korea Kusini, kule Marekani wanaziuza kwa jina la Rokinon. Ile 35mm yao ya picha ni f/1.4, ya sinema imeandikwa T1.5, ukizitazama ndani ni lenzi moja. Kilichobadilika ni mwili wa nje, wameweka meno kwenye ringi, wameondoa ule mlio wa "tik tik tik" kwenye apecha (lile tundu la kupitishia mwanga), na namba za umbali wameziandika ubavuni ili mtu aliyesimama pembeni ya kamera azisome.

Sasa mtu akisikia hivo anasema kumbe ni utapeli. Hapana jamani, hapo ndo penyewe. Ile mwili ndo unayolipia, na kwa kazi ya filamu yenye stori, yenye waigizaji wanaotembea na kuongea, ile mwili inakuokoa kuliko hata glasi.

Ngoja nianze na hizo T maana zinachanganya wengi. Ile f tuliyozoea ni hesabu tu, urefu wa fokasi ugawanye kwa kipenyo cha tundu, basi. Haikwambii mwanga kiasi gani umefika kwenye sensa, kwasababu njiani kuna vioo kumi na kitu na kila kioo kinakula mwanga kidogo. T ni mwanga uliopimwa baada ya kupita vioo vyote. Kwahiyo ukiwa na seti ambayo zote umeziweka T2.8, ukitoa lenzi ya 35mm ukaweka ya 85mm uso wa dada yuleyule kwenye taa ileile unatakiwa ubaki na mwanga uleule. Kwa mtu anayepiga harusi hii haina maana sana, ila kwa sini ya watu wawili wanagombana mezani, umepiga upana na 25 kisha unaingia karibu na 50, edita anakata kutoka hapa kwenda pale mara ishirini ndani ya dakika mbili, tofauti ndogo ya mwanga inaonekana kila anapokata na kuirekebisha moja moja ni kazi ya usiku kucha.

Halafu kuna mzunguko wa fokasi, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu ndo sehemu ambayo watu hawaielewi mpaka waishike mkononi.

Lenzi nyingi za kisasa za picha zenye otofokasi, ringi yake ya fokasi haijaungwa na kitu, ni umeme. Unazungusha, sensa inasoma, mota inasogeza kioo. Nyingine ukizungusha haraka inaruka mbali, ukizungusha taratibu inasogea kidogo, na ringi inazunguka milele haina mwisho. Hapo umweke mtu wa kuvuta fokasi, yani anayezungusha ringi ili mwigizaji abaki wazi, umchoree alama tatu, mwigizaji aingie mlangoni, asimame katikati, akae kwenye kiti. Alama ya mlangoni teki ya kwanza inakuwa sawa, teki ya pili imehama. Yani alama haina maana yoyote. Na zile za zamani kidogo ambazo zina ringi ya kweli, mzunguko wake wote kuanzia karibu mpaka mbali kabisa unakuta ni robo duara hivi, ukipiga chafya tu fokasi imehamia kwenye sikio.

Lenzi ya sinema hata ya bei ya chini inakupa mzunguko mrefu, nyingi zinafika digrii 270 hivi au zaidi, na ina mwisho pande zote mbili, gonga hapa gonga pale. Kuna sini tulipiga Magomeni kwenye nyumba moja ya zamani yenye ukumbi mrefu mwembamba, mama anatoka uani anapita ukumbini mpaka sebuleni kwa mwanae, kamera iko sebuleni haitembei, lenzi ni 50mm kwenye sensa ya Super 35 (saizi iliyozoeleka kwenye kamera za sinema). Kijana anayevuta fokasi alipima na futi kamba kutoka kwenye ile alama ya duara lenye mstari iliyochorwa juu ya kamera (hiyo ndo sehemu sensa ilipo, umbali wote unapimwa kutoka hapo, sio kutoka kwenye kioo cha mbele), akabandika vipande vya tepu sakafuni, mita tano, mita tatu na nusu, mita moja na themanini. Akachora mistari mitatu kwa penseli kwenye ile duara nyeupe ya foloo fokasi, kile kifaa cha kuzungushia ringi kwa meno. Mama akatembea kwa spidi tofauti kila teki maana alikuwa analia kweli, teki moja alisimama katikati akashika ukuta, hatukupanga hilo, kijana akasimama naye palepale kwasababu ringi ilikuwa na nafasi ya kutosha kusimama katikati ya alama mbili. Teki hiyo ndo iliyotumika. Na lenzi ile bei yake ilikuwa ndani ya dola mia tano.

Hicho ndo ninachomaanisha nikisema unalipia mwili.

Sasa kwenye futi na mita, angalia sana ukiagiza. Kuna lenzi zinatoka kwa toleo mbili, zilizoandikwa futi na zilizoandikwa mita, na kuna zilizoandikwa zote pande mbili. Vijana wetu wanafikiri kwa mita, ukimpa lenzi ya futi na inchi katikati ya presha ya seti unampa hesabu ya kugawanya ambayo haina faida kwa yeyote. Kwenye tangazo la duka huwa imeandikwa kwa herufi ndogo, isome.

Twende kwenye zenyewe. Seti ya Samyang T1.5, yani 24, 35, 50 na 85, ndo imelea watu wengi wa rika langu, tulitoka kwenye enzi ya Canon 5D Mark II, ile ya 2008 iliyofanya kila mtu aanze kuona anaweza kupiga filamu, na hizi zilikuja zikaingia moja kwa moja kwenye maunti ya EF ya Canon (maunti ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera). Toleo la DS ndo zuri zaidi kwasababu wamejaribu kulinganisha rangi na meno ya ringi wameyapanga mahali pamoja, ukibadilisha lenzi huhitaji kusogeza mota ya foloo fokasi. Uzito wake sio wa kutisha. Kitu kimoja cha kujua, 24, 35 na 50 zinachukua filta ya 77mm lakini 85 ni 72mm, kwahiyo nunua ringi ya kupandisha kutoka 72 kwenda 77 na uiache humo humo usiitoe. Picha yake ikiwa wazi kabisa T1.5 ni laini kidogo, wengine wanaipenda hiyo kwenye sura za watu, mimi naipenda kwenye 85 na siipendi kwenye 24. Ukifunga mpaka T2.8 zote zinakuwa kali vya kutosha kwa chochote utakachokwenda kuonyesha.

Zinapumua lakini. Kupumua ni pale unapovuta fokasi kutoka mbele kwenda nyuma na fremu yenyewe inaonekana kama inajikaza au inajiachia, kama vile mtu kazumu kidogo. Lenzi za picha hazikuundwa kuzuia hilo kwasababu mpiga picha wa mnato anapiga fremu moja, hajali. Kwenye lenzi hizi zenye glasi ya picha utakutana nalo, na dawa yake ni kuvuta fokasi taratibu au kuvuta wakati mwigizaji anageuka, jicho la mtazamaji linamfuata mtu halioni kingo za fremu.

Meike za T2.2 za Micro Four Thirds, yani za kamera zenye sensa ndogo, zilikuja wakati mzuri, maana Blackmagic Pocket 4K ilitoka 2018 kwa dola 1,295 na ghafla watu wengi wakawa na kamera ya sinema ya kweli lakini lenzi hawana. Meike ni za Uchina, ndogo, nzito kwa umbo lake, nusu kilo na kitu, zote mbele ni saizi moja, filta 77mm. 25 kwenye sensa hiyo inaona karibu sawa na 50 ya fulufremu, ile sensa kubwa kuliko Super 35. Rafiki yangu anayepiga makala za uvuvi huko Bagamoyo ana 16, 25 na 50 za hizi na amezitumia kwenye mashua, kwenye jua, kwenye upepo wa chumvi, anazifuta jioni na kitambaa chenye unyevu kidogo na zinaendelea. Kilichompendeza yeye zaidi sio picha, ni kwamba kwa sensa ndogo na T2.2 fokasi inasamehe.

Na hili la kusamehe nataka nilipigie hesabu kabisa kwasababu watu wanakimbilia T ndogo bila kujua wanachokinunua. 85mm kwenye Super 35, ukifungua mpaka T1.5, mtu akiwa mita mbili, eneo linalokuwa kwenye fokasi ni kama sentimita tatu. Tatu! Jicho la mbele likiwa ndani, sikio liko nje, na mtu akipumua kwa nguvu amekwisha toka. Chukua 25mm ya Meike kwenye Pocket 4K kwa T2.2, mita mbili hizohizo, unapata karibu sentimita arobaini. Hapo kijana aliyeanza kuvuta fokasi mwezi uliopita anafanya kazi kwa amani. Kwahiyo mtu akikwambia lenzi yake ni bora kwasababu ni T1.2 muulize nani anamvutia fokasi. Sio kwamba T1.2 haina kazi, ina kazi sana usiku, ila kwenye sini ya maongezi wapiga picha wengi ninaowaheshimu wanakaa T2.8 mpaka T4, wanafanya mandhari ya nyuma yapotee kwa kumsogeza mwigizaji mbali na ukuta, njia hiyo ni bure.

Kwa upande wa T1.2, Sirui walileta Nightwalker, 24, 35 na 55, zilianza kuuzwa kama dola mia tatu na hamsini kila moja na seti ya tatu chini kidogo ya elfu moja. Hizo ni za Super 35, sio fulufremu, kwahiyo zinaenda vizuri na Sony FX30 iliyotoka 2022. Nilizishika kwenye kazi ya usiku pale Kigamboni, wauza chipsi barabarani, mwanga wetu ulikuwa taa ya banda lao na taa moja ndogo ya betri tuliyoificha nyuma ya ndoo. Hapo T1.2 ilifanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji jenereta, na jenereta unajua mwenyewe kelele zake kwenye sauti. Nyuma taa za bodaboda zinageuka maduara makubwa laini, zile za pembeni ya fremu zinabanwa zinakuwa kama jicho la paka. Kwa bei ile mimi nilinyamaza.

Ukipanda ngazi moja unakuta DZOFilm Vespid, zilizotoka 2020 kwa seti ya saba, nyingi zake T2.1, zinaziba fulufremu, zinakuja na maunti ya PL, ile ya kamera kubwa za sinema, na unaweza kubadilisha ukaweka EF. Hapa bei zilipotoka ilivuka dola elfu moja kwa lenzi moja kwahiyo neno "nafuu" linaanza kutegemea nani anasema, lakini ukilinganisha na seti za majina makubwa ya Uingereza na Ujerumani ambazo lenzi moja inaweza kupita dola 20,000, bado ni nafuu. Hizi ndo za kwanza katika daraja hili ambazo nilipomweka mvuta fokasi aliyezoea lenzi kubwa hakuniuliza kitu, alishika akaanza kazi. Na wana zumu zao, Pictor, 20-55 na 50-125 za T2.8, ambazo ukizumu fokasi inabaki palepale. Zumu za picha nyingi haziwezi hilo, unazumu ndani kwa mtu, unatengeneza fokasi, unatoka nje kwa upana na mtu ameshapotea. Kwa wanaopiga makala na mahojiano zumu moja ya namna hii nadhani ina faida kuliko seti ya praimu (lenzi zisizozumu) tatu, najua wenzangu wengi watabisha.

Kitu ambacho ningependa kila mtu akifikirie kabla hajatoa hata shilingi ni maunti. Watu wanachagua lenzi kwa picha za Youtube halafu maunti wanachagua ile ya kamera waliyonayo leo. Kamera utabadilisha. Lenzi nzuri ya chuma isiyo na umeme inaweza kukaa na wewe miaka ishirini. Sasa ona, maunti ya EF umbali wake kutoka kwenye maunti mpaka sensa ni milimita 44, PL ni 52, wakati E ya Sony ni 18, Micro Four Thirds 19.25, RF ya Canon 20. Lenzi ya EF au PL inaweza kwenda kwenye kamera yoyote kati ya hizo fupi kwa adapta ya chuma tu, ndani tupu, kwasababu kuna nafasi ya kuweka adapta. Lenzi ya E haiendi kwenye yoyote kati ya hizo nyingine, nafasi hakuna. Mwenzangu mmoja alikuwa na seti nzuri ya Micro Four Thirds, alipopata kazi zilizotaka sensa kubwa akahamia Sony, seti ikabidi iuzwe, na soko la hapa kwetu la kitu kama hicho ni dogo, watu wanakutajia bei ya kukuumiza. Kwahiyo kama lenzi unayoitaka inapatikana kwa EF, chukua EF hata kama kamera yako leo ni kitu kingine. Ukiwa na Micro Four Thirds unaweka hata spidibusta ya 0.71 (adapta yenye kioo ndani), ile 35 yako inaona kama 25 na unapata stopu moja ya mwanga ya nyongeza, yani mwanga mara mbili.

Ila adapta nayo usinunue ya elfu ishirini. Adapta ikiwa nyembamba au nene kwa unywele tu, namba zote za umbali zilizoandikwa kwenye lenzi zinakuwa uongo. Futi kamba inasema mita mbili, lenzi inasema mita mbili, picha inasema hapana. Na ikiwa inacheza kidogo kwenye maunti basi kila mvuta fokasi akigeuza ringi picha nzima inaruka. Wengi wanailaumu lenzi wakati tatizo ni kipande cha chuma cha katikati.

Wapo wanaopita njia ya lenzi kuukuu, na hao nawapenda. Helios 44-2, 58mm f/2, ya Kisovieti, zilizouzwa pamoja na kamera za Zenit, umbo lake la vioo limetoka kwenye Biotar ya Zeiss. Watu wanaijua kwa ile blaa ya nyuma inayozunguka kama kimbunga, hasa kukiwa na majani ya mti nyuma na mwigizaji katikati. Wachache wanajua kwamba apecha yake ina ringi mbili na ile ya kufungia haina ile tik tik kabisa, inateleza, yani kwa bahati tu inafaa video kuliko lenzi nyingi za kisasa. Maunti yake ni ya kuzungusha, M42, inaingia kwenye EF kwa ringi nyembamba bila kioo. Ukiivalisha ringi ya meno ya plastiki inayobana, inaingia kwenye foloo fokasi. Kwa sini za kumbukumbu, za ndoto, hakuna lenzi ya leo ya bei hiyo inayofanya vile. Lakini kupiga filamu nzima na moja ya hizo na nyingine za kubahatisha, kila moja na rangi yake, hiyo kazi ya kulinganisha ukimtupia mtu wa rangi anastahili malipo mara mbili.

Kwenye rangi, hata seti za nafuu zilizoandikwa zimelinganishwa, usiamini mia kwa mia. Ngozi zetu zinaonyesha haraka, lenzi ikivuta kijani kidogo uso wa mtu mweusi unakuwa kama wa mgonjwa, ikivuta nyekundu unapata joto zuri lakini halilingani na shoti iliyopita. Tunachofanya ni kushika kadi ya kijivu mbele ya mwigizaji sekunde tatu kila tunapobadilisha lenzi, chini ya taa ileile. Mtu wa rangi kwenye DaVinci Resolve anasawazisha zile kadi kwanza, ndo anaanza ubunifu wake. Kazi ya dakika, inaokoa siku.

Na filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, usiisahau kwenye bajeti. Jua la saa sita hapa kwetu, kamera iko ISO 400, shata 1/50, ukitaka kubaki f/2.8 unahitaji kukata karibu stopu nane za mwanga. Nane. Pocket 4K haina ND ndani, FX30 haina. Ndo maana nasisitiza seti yenye mbele saizi moja, unanunua filta nzuri seti moja inazunguka lenzi zote, na ukifika kwenye matiboksi (boksi la mbele ya lenzi la kushikia filta) unabadilisha lenzi bila kubadilisha ringi. Mtu ananunua lenzi tatu zenye saizi tatu, anajikuta ananunua filta tatu mbovu, na filta mbovu ya kuzungusha ukiikaza sana inakuwekea msalaba mweusi katikati ya anga.

Anamofiki nimeziacha makusudi mpaka hapa kwasababu mtu akiziona tu anasahau mengine yote. Sirui walifungua mlango 2020 kwa ile 50mm f/1.8 ya 1.33, ambayo inaibana picha kwa upana na ukiitanua kwenye edit fremu ya 16:9 inakuwa ndefu kama 2.37 kwa 1. Kabla ya hapo kwa wengi wetu anamofiki ilikuwa kitu cha kukodi kwa bei ya kiwanja. Ile mistari ya bluu ikimulikwa na taa inakuja kweli, usiku Barabara ya Bagamoyo na foleni ya magari ni burudani. Lakini haisogei karibu zaidi ya sentimita 85, kwahiyo shoti ya mkono unafungua barua utahitaji kioo cha kuongeza mbele. Na mistari ya bluu ikiwa kila shoti mtazamaji anaanza kuangalia mistari anaacha kumsikiliza mwigizaji. Tumia pale stori inapoitaka.

Nani asinunue lenzi ya sinema? Ndugu yangu wa harusi, sendofu, matukio, uko peke yako na gimbo (kile kishikio cha kutuliza kamera), bibi harusi anakuja mbio, otofokasi ya kisasa inafanya kazi yako vizuri kuliko mkono wowote. Ukiweka lenzi ya manyuo, ya kuvuta fokasi kwa mkono, pale unajinyima. Hata balansi ya gimbo kila ukibadilisha itakuchosha. Kodi seti wikiendi moja ukipata kazi ya filamu fupi au video ya msanii yenye mwongozaji mtulivu, halafu tafuta mtu wa pili wa kuvuta fokasi. Bila mtu wa pili lenzi hizi zinakupa nusu ya thamani yake, na fani ya kuvuta fokasi hapa kwetu bado ina watu wachache sana, kijana anayeanza leo akajifunza kukadiria umbali kwa macho atagombewa.

Joto letu pia lina maneno yake. Kuna seti moja niliikodi, kampuni siitaji, asubuhi ndani ya chumba chenye AC ringi ilikuwa nzito tamu kabisa, saa nane mchana juani grisi ikalegea mpaka ringi ikawa inateleza yenyewe kamera ikiinamishwa. Tulimalizia kazi kwa kuifunika na mwavuli, na taulo jeupe lililoloweshwa tukaliweka kwenye begi la pembeni, sio juu ya lenzi. Na ukanda wa pwani una unyevu, kuvu wanaota ndani ya kioo wanatambaa kama mizizi, wakishaingia ndani kabisa usafishaji wake ni wa kuifungua lenzi yote. Sanduku la plastiki lenye mpira wa kubana, silica gel ndani, ikibadilika rangi unaikausha unairudisha. Usiziache kwenye begi la kitambaa kabatini miezi mitatu.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda na kamera yako, futi kamba, na tochi. Tochi unaimulika kutoka nyuma ya lenzi, apecha wazi kabisa, unaangalia kuvu na mikwaruzo, vumbi dogo dogo usilijali. Zungusha ringi ya fokasi kuanzia mwisho mpaka mwisho kwa kidole kimoja, taratibu, ukihisi sehemu ngumu au mchanga, iache. Geuza mbele nyuma mbele nyuma huku unatazama skrini, picha isiruke pembeni. Kisha bandika gazeti ukutani, pima mita mbili kutoka kwenye alama ya sensa, fungua apecha yote, tafuta fokasi kwa macho yako ukizumisha skrini, halafu ndo usome namba kwenye lenzi. Ikisoma mbili au karibu kabisa na mbili, anza kuongea bei. Ikisoma moja na nusu, jaribu kwanza na adapta nyingine kama unayo, na kama bado, mwambie muuzaji tatizo liko wapi na uondoke, kwasababu fundi wa kuirudisha namba mahali pake ana vifaa vyake maalum na utamtafuta sana.